Kosa Linalosema na Kosa Linalonyamaza

Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, na sisi tuliokuwa walimu tumeitumia mara nyingi pale mwanafunzi aliposimama mbele ya ubao ameinamisha kichwa. Ni methali ya huruma. Lakini ukiitazama kwa makini utaona kuwa inatuachia swali: huyu anayetakiwa asirudie kosa, atalijuaje? Ni nani mwenye wajibu wa kumwonyesha, na amwonyeshe kwa kiasi gani? Je, kumsahihishia mtu kosa lake ni wema, au ni kumnyang'anya kitu alichokuwa na haki ya kukipata mwenyewe? Swali hili nililibeba miaka yote niliyofundisha hisabati. Lilinijia kwa uzito mpya baada ya kustaafu, nilipoanza kukaa na vijana wa mtaa wetu hapa Singida mjini wakijifunza kuandika programu za kompyuta. Naomba msomaji anivumilie nikilijadili, kwa sababu naamini linahusu mambo makubwa kuliko kompyuta.

Watu wengi wa rika langu tuliigusa kompyuta tukiwa na mvi. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya matatizo yaliyotokea katika hesabu za Hazina, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo mwaka 1974, na marufuku hiyo ikaja kulegezwa miaka ya baadaye. Sisemi haya ili kumlaumu mtu. Waliokuwa na dhamana wakati ule walikuwa na shida zao na fedha kidogo za kigeni. Nayataja kwa kuwa yanaonyesha njia moja ya kukabiliana na kosa, nayo ni kukiondoa chombo ambamo kosa limeonekana. Kosa likiondolewa hivyo, halirudiwi. Lakini hakuna aliyejifunza jinsi lilivyotokea.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona kazi hii, nieleze kidogo. Programu ni orodha ya maagizo ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya jingine. Vijana wetu hutumia lugha iitwayo Python, iliyobuniwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Lugha hii ina sarufi yake. Ukifungua mabano, sharti uyafunge. Ukianza maneno kwa alama ya usemi, sharti uyamalize kwa alama ileile. Ukiandika sharti la "ikiwa", mstari wake huishia na nukta pacha, na mistari inayofuata huingizwa ndani kidogo. Ukikosa kimojawapo kati ya hivi, kompyuta haitekelezi hata agizo la kwanza. Huandika kwa Kiingereza kwamba kuna kosa la sarufi, hutaja namba ya mstari, kisha hunyamaza ikikusubiri.

Sasa linganisha na sisi binadamu. Mkoa wetu wa Singida una Wanyaturu, Wanyiramba, Wataturu, Wahadzabe na wageni wengi waliohamia, na lugha zao hazina udugu wa karibu wote kwa wote. Nenda mnadani siku ya ng'ombe. Utamsikia mzee akisema "ng'ombe yangu hii kinakula vizuri", na mnunuzi akimjibu kwa Kiswahili kilichopinda zaidi, na kabla jua halijasogea fedha zimehesabiwa na mnyama amebadilisha kamba. Hakuna aliyewasimamisha kuwaambia kuwa upatanisho wa sentensi umevunjika. Kila mmoja alilitazama kusudio la mwenzake, akaliruka kosa kama mtu anayeruka jiwe njiani. Bila upole huo wa kuelewana juu ya makosa, jamii yetu yenye lugha nyingi isingeweza hata kuuziana chumvi.

Kwa hiyo vijana wanapokutana na kompyuta kwa mara ya kwanza huona wametendewa ukatili. "Mwalimu, si inaona kabisa nilichotaka kusema?" aliniuliza mmoja, akionyesha mahali alipokuwa amesahau kufunga mabano. Ukweli ni kwamba haioni. Kompyuta haina njia ya kulifikia kusudio lako isipokuwa kwa alama ulizoziandika. Lakini katika ukali huo niliona pia aina ya haki ambayo sisi watu hutushinda. Ujumbe anaoupata mtoto wa mama lishe ndio anaoupata mtoto wa mkurugenzi. Kompyuta haicheki, haimwambii mwanafunzi kuwa hata kaka yake alikuwa mzito, haikumbuki leo kwamba jana ulikosea palepale. Nimeona watoto waliokuwa wakitetemeka mbele ya ubao wakikosea mara kumi mbele ya mashine hii bila aibu, na mara ya kumi na moja wakapata. Nadhani sehemu kubwa ya uchungu wa kusahihishwa haitoki katika kosa lenyewe. Hutoka katika macho ya wanaotutazama.

Hata hivyo, haki ya mashine ina kasoro moja ambayo siwezi kuinyamazia. Mtoto wa huku kwetu husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha huingia sekondari na kukuta masomo kwa Kiingereza. Kabla hajapata miguu katika lugha hiyo, kompyuta inamweleza kosa lake kwa lugha hiyohiyo. Ni kama mtu kuhukumiwa katika baraza ambalo lugha yake haijui. Wako Watanzania waliolitambua tatizo hili zamani: mwaka 2004 wataalamu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini ujumbe wa makosa katika lugha za kuandikia programu bado ni wa Kiingereza, na kijana wa Manyoni au Kiomboi anauona kama ukuta wa maneno mekundu.

Hapo ndipo nilipoanza kupata jibu la sehemu ya kwanza ya swali langu. Anayeanza anadai msaada, na msaada huo ni haki yake. Anadai atafsiriwe alichoambiwa. Kwa hiyo kijana anaponiita, jambo la kwanza tunalofanya ni kuusoma ujumbe pamoja, kwa sauti, neno kwa neno, na kuuweka katika Kiswahili. Utashangaa ni wangapi hugundua kosa lao kabla hatujafika mwisho wa sentensi. Kumbe hawakuwa wameshindwa kufikiri, walikuwa hawajasikia.

Jambo la pili tunalofanya ni kuutilia shaka mstari uliotajwa. Kwa miaka mingi, mtu aliyesahau kufunga mabano katika mstari wa tatu aliambiwa kwamba kosa liko mstari wa nne. Mashine haikudanganya: iliendelea kusoma ikingoja mabano yafungwe, na ilishtuka pale tu ilipokutana na neno lisilotarajiwa. Tangu toleo la 3.10 lililotoka mwaka 2021, Python imejitahidi kuonyesha mahali mabano yalipofunguliwa, lakini nawafundisha vijana wasiisahau tabia ile ya zamani. Mahali kosa linapolia si lazima liwe mahali lilipozaliwa. Mwenye kusuluhisha ugomvi wa ndoa au wa mpaka wa shamba analijua hili: watu huja na malalamiko ya jana, na ukichimba unakuta jambo lililoachwa wazi miaka mitatu nyuma. Anayezoea kupanda juu ya mstari na kutafuta chanzo amepata zaidi ya ufundi wa kompyuta.

Nifike sasa kwenye sehemu ngumu ya swali. Binti mmoja wa kidato cha tatu aliamua kuandika programu ya kumsaidia mama yake, ambaye hulima vitunguu na kuviuza kwa magunia. Programu ilikuwa fupi: iulize idadi ya magunia, iulize bei ya gunia moja, izidishe, ionyeshe jumla. Siku ya kwanza ilikuwa na makosa manne ya sarufi. Mawili aliyapata mwenyewe baada ya kusoma ujumbe. Alipokuwa akihangaika na la tatu, binamu yake anayesoma chuo alipita, akaivuta kibodi, vidole vikaruka, na katika muda wa kumeza mate kazi ikawa imekwisha.

"Imekubali!" binti alisema kwa furaha. Ndivyo vijana wanavyosema mashine inapoacha kulalamika.

"Imekubali nini?" nilimwuliza.

Alikitazama kioo, akamtazama binamu yake, akacheka kwa haya. Hakujua kilichokuwa kimebadilishwa. Binamu alikuwa amemtendea wema, na nisingependa msomaji amwone kuwa mtu mbaya. Ni mkono uleule unaomfunga mtoto vifungo vya shati ili asichelewe shule. Lakini swali langu halikuwa la mzaha. Mashine ilikuwa imekubali nini?

Ilikuwa imekubali umbo tu. Tulijaribu: magunia 3, bei shilingi 80,000. Kioo kikatoa jibu 800008000080000, yaani zaidi ya shilingi trilioni mia nane, fedha ambazo bajeti ya taifa letu haizifikii hata kwa mbali. Sababu ni kwamba idadi ya magunia ilikuwa imegeuzwa kuwa namba, lakini bei ilikuwa imeachwa kama maandishi. Na Python ikiambiwa izidishe maandishi kwa tatu, huyaandika mara tatu mfululizo. Haikutoa ujumbe wowote wa kosa. Kwa upande wake hapakuwa na kosa. Binti alicheka mpaka machozi, kisha akakaa kimya, akaanza kusoma mistari yake mmoja mmoja, safari hii bila ujumbe wa kumwongoza. Ilimchukua sehemu kubwa ya alasiri. Alipoipata sababu, jumla ikatoka 240,000.

Mama yake alifika jioni kumchukua. Binti akamwonyesha kazi kwa fahari. Mama, ambaye hajawahi kuigusa kompyuta, aliinama akatazama, akauliza maswali mawili matatu, kisha akasema, "Sawa mwanangu. Lakini hii mashine yako imeuliza magunia mangapi. Haijauliza gunia limejazwaje."

Kila mkulima wa vitunguu wa Singida anajua maana ya maneno hayo. Kanuni za vipimo nchini zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lakini ipo lumbesa: gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezewa kilemba juu na kushonewa kwa kamba, likafika kilo 120, 130 au zaidi, na mkulima analipwa kwa gunia moja. Serikali imelipiga vita jambo hili kwa miaka mingi, na mizani imewekwa katika masoko, lakini katika mashamba ya mbali mnunuzi mwenye lori bado ana nguvu kuliko mwenye jembe. Programu ya binti ilikuwa safi kwa sarufi, safi kwa hesabu, na ilikuwa imeuchukua udhalimu huo kama kipimo halali.

Makosa ya namna hii huwapata hata wakubwa. Mnamo Septemba 23, 1999, chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipokuwa kikiifikia sayari ya Mirihi. Programu moja ya hapa duniani ilikuwa ikitoa nguvu kwa kipimo cha ratili, na ile iliyopokea ilitarajia kipimo cha nyutoni. Ratili moja ya nguvu ni karibu nyutoni nne na nusu. Mabano yote yalikuwa yamefungwa. Hakuna mashine iliyopiga kelele, kwa sababu namba ni namba, na mashine haiulizi namba hiyo ni ya nini.

Basi naona kuna makosa ya aina mbili. Lipo kosa linalosema, na lipo linalonyamaza. La kwanza linaudhi, lakini ni la heri: linajitangaza, linataja mahali lilipo au karibu yake, na linakataa kuendelea mpaka lishughulikiwe. La pili linakuacha uende zako ukiwa na furaha. La kwanza lina mlinzi, ambaye ni mashine. La pili halina mlinzi isipokuwa mtu. Na mtu huyo atapata wapi macho ya kuliona, kama wakati wa makosa madogo, yale yanayojitaja yenyewe, hakuachwa hata mara moja atafute? Macho ya kuona lisilopiga kelele hufunzwa kwa lile linalopiga kelele. Hii ndiyo sababu nasema kuwa mwenye kuivuta kibodi, hata kwa nia njema, anamlipia anayeanza deni dogo na kumwachia kubwa.

Najua nitakachopingwa. Mtu atasema: mwalimu, wewe umestaafu, una muda. Kijana ana saa moja tu ya kompyuta, umeme wa LUKU unakwisha, na nyumbani anasubiriwa kuchota maji. Mwache asaidiwe upesi. Pingamizi hili lina uzito, na silidharau. Kumwacha mtoto ahangaike mpaka akate tamaa nako ni ukatili uliovaa joho la ualimu. Ndiyo maana natofautisha kumsaidia aone na kumwonea. Kusoma naye ujumbe ni kumsaidia. Kumwuliza "hapa umefungua nini?" ni kumsaidia. Hata kumwambia "tazama mstari wa tatu" ni msaada, ikiwa giza linaingia. Katika yote hayo mkono unaobonyeza unabaki wake. Na ikibidi umsahihishie kabisa, basi mweleze ulichobadilisha, naye akurudishie maelezo hayo kwa maneno yake kabla hajaondoka.

Swali hili limekuwa kali zaidi siku hizi, kwa kuwa zimekuja programu za akili mnemba ambazo kijana hubandika maandishi yake ndani ya simu na kurudishiwa yakiwa yamesahihishwa, mabano yote mahali pake. Yule binamu sasa yuko katika kila mfuko, na hachoki. Siwakatazi vijana kuzitumia. Nimekwisha kusema ninavyoiona njia ya kukiondoa chombo. Nawaomba tu waendelee kuulizana lile swali la jioni ile: imekubali nini? Chombo kama hicho kinaweza kufunga mabano ya watu wote wa Singida. Hakijawahi kusimama pembeni ya gunia la vitunguu wakati kilemba kinashonwa.

Pengine msomaji atauliza ile programu iliishia wapi. Binti aliiandika upya. Sasa inauliza kilo za kila gunia, na chini ya jumla anayolipwa mama inaandika mstari mwingine: thamani ya kilo zilizozidi 100. Kwa magunia matatu ya kilo 130, bei ya gunia ikiwa 80,000, mstari huo unaonyesha shilingi 72,000 zilizoondoka bila kulipwa. Mnunuzi hajabadilika kwa sababu ya mstari mmoja katika kompyuta, na sitadai hivyo. Lakini msimu uliofuata mama huyo na jirani zake wawili walikodi gari pamoja na kupeleka vitunguu vyao wenyewe kwenye soko la Misuna, ambako kuna mizani. Aliniambia kuwa walijua habari ya lumbesa siku zote. Walichokuwa hawajawahi kukiona ni kiasi chake kikiwa kimeandikwa.

Narudi kwenye methali ya wazee wetu. Kurudia kosa ni kosa, sawa. Lakini asiyepewa nafasi ya kulitambua kosa lake hana hata uwezo wa kuamua asilirudie. Kwa hiyo mtu anapokaa mbele yako na maneno mekundu mbele yake, mtafsirie, mwulize, mngojee. Kaa karibu. Mikono yako iweke mapajani.